Nimeshika hundi ya boksi, nimepigwa picha, hela sijaiona

Wapenzi wasomaji karibuni tena. Toleo lililopita niligusia mchezo wa pool kwa mistari michache tu, nikidhani napita njia, kumbe nimekanyaga penye kidonda. Barua na meseji zilizokuja ni nyingi kuliko nilizowahi kupata kwa mada moja na karibu zote zinasema kitu kilekile, nimecheza, nimeshinda, sijalipwa. Kwa hiyo leo safu nzima ni ya hilo. Majina nimeyaondoa, wengi bado wanadai na wanaogopa promota akijiona gazetini ndo atakata simu kabisa.

Shikamoo anko. Mi ni kijana wa miaka 26 niko Tabora, pool naicheza tangu nimalize form four. Mwaka huu nilienda mashindano mkoa wa jirani, kiingilio elfu 20, nauli na ya kulala nikakopa kwa shemeji laki na themanini. Nikacheza siku tatu nikachukua ubingwa, kwenye bango iliandikwa bingwa milioni mbili. Nikapewa ile hundi kubwa ya boksi, nikapigwa picha, watu wakanibeba mabegani. Promota akaniambia njoo kesho asubuhi tumalizane. Kesho yake akasema mdhamini hajaingiza. Sasa huu ni mwezi wa tano, simu anapokea mara mojamoja, kila siku "mdogo wangu vumilia hata mimi naumia". Shemeji haongei na mimi, dada yangu ananiona mwongo kwa sababu ile picha ya hundi aliiona Wasap. Nifanyeje anko? Na kuna jamaa hapa kijiweni anasema hata mabingwa wa dunia yaliwakuta hayahaya Marekani, ni kweli au ananifariji tu? — Mchezaji, Tabora

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Naanza na hongera kwa sababu naona kwenye barua yako yote hamna aliyekupa zaidi ya wale waliokubeba usiku ule. Kushinda siku tatu mfululizo kwenye meza za ugenini, hujui kitambaa chake kinakimbiaje wala inainamia upande gani, sio kazi ndogo.

Ngoja nianze na swali lako la pili maana litatusaidia kwenye la kwanza. Jamaa wa kijiweni hajakudanganya. Mwaka 2005 kule Marekani kulianzishwa mfululizo wa mashindano unaitwa International Pool Tour, kwa kifupi IPT, mwanzilishi wake Kevin Trudeau, mtu aliyejulikana kwa matangazo yale marefu ya televisheni ya kuuza bidhaa na vitabu vya tiba. Alichowaahidi wachezaji ni kwamba na wao sasa watalipwa kama watu wa gofu na tenisi. Wewe unacheza, unajua ahadi kama hiyo inaingiaje kichwani mwa mtu aliyezoea kuendesha gari usiku kucha kwenda kugombania dola elfu chache ambazo nusu inaishia kwenye mafuta na chumba cha kulala. Na mambo yalianza kwa kishindo kweli. Agosti 2005 pale Mandalay Bay, Las Vegas, Mike Sigel alicheza na Loree Jon Jones, Sigel akashinda dola 150,000 na yule dada aliyefungwa akapewa 75,000. Mwishoni mwa mwaka huohuo, Orlando, Efren Reyes wa Ufilipino akamfunga Sigel, zawadi dola 200,000. Julai 2006 Las Vegas tena, Mjerumani Thorsten Hohmann akachukua ubingwa wa dola 350,000. Kwa hiyo ilipofika Septemba 2006 kwenye mji wa Reno, Nevada, jumla ya zawadi imetangazwa dola milioni 3 na bingwa anaahidiwa dola 500,000, nani angekaa pembeni aseme mimi siendi?

Aliyeshinda Reno ni huyohuyo Efren Reyes, akamfunga Rodney Morris 8 kwa 6 kwenye fainali. Naomba nikae kidogo kwa Efren kwa sababu vijana wengi mnaoshika fimbo leo mnamwona Yutubu tu mnadhani alizaliwa bingwa. Huyu mzee alizaliwa 1954 Pampanga, akapelekwa Manila akiwa mtoto, akakulia kwenye ukumbi wa pool wa mjomba wake, akifanya kazi palepale na kulala juu ya meza ya pool watu wakishaondoka. Mwaka 1985 alienda Marekani akacheza kwa jina lisilo lake, Cesar Morales, maana jina la Efren lilikuwa limeshaanza kunong'onwa na hakuna mtu angekubali kucheza naye kwa hela. Mwaka 1999 akawa bingwa wa dunia wa mipira 9, ile pool inayochezwa kwa mipira tisa tu, kule Cardiff, Wales. Mtu kama huyo, ana miaka 52, anamaliza nambari 8 nyeusi ya mwisho Reno, anashinda zawadi kubwa kuliko zote zilizowahi kutangazwa kwenye mchezo huu. Nusu milioni ya dola!

Halafu hela haikuwepo. Baada ya mashindano kuisha wachezaji wakaambiwa fedha hazijapatikana, watalipwa kwa mafungu, kidogokidogo. Bingwa mpaka yule aliyetolewa mapema, wote wakabaki wanasubiri, miezi inapita. Maelezo yaliyokuwa yanatolewa ni kwamba kulikuwa na mpango wa kampuni ya michezo ya kubahatisha ya mtandaoni kuinunua IPT, na mpango ukaharibika kipindi kilekile Marekani inapitisha sheria ya kuzuia malipo ya kamari za mtandaoni, ile aliyoisaini Rais George W. Bush tarehe 13 Oktoba 2006. Mashindano ya ukubwa ule IPT hawakuyafanya tena.

Sasa mdogo wangu, zisome hizo tarehe taratibu, usikimbie. Mashindano Septemba. Sheria Oktoba. Maana yake siku Efren anapiga mpira wa kwanza pale Reno, ile nusu milioni haikuwa sehemu yoyote, sio benki wala kabatini, ilikuwa ndani ya biashara ambayo bado haijafungwa. Wachezaji walikuwa wanagombania hela ambayo haijazaliwa. Mtu anaweza kuita utapeli, mimi siendi huko, sijui yaliyokuwa moyoni mwa mtu, ila kutangaza zawadi ambayo huna halafu ukaacha watu wapande ndege kwa hela zao kuja kuigombania ni kosa hata kama nia yako ilikuwa safi kama maji ya mvua. Na promota wako amekufanyia kitu hichohicho. Anaposema mdhamini hajaingiza anakiri mwenyewe kwamba siku anabandika bango la milioni mbili, milioni mbili hakuwa nayo.

Kuna jingine. Mwaka 2004, yaani mwaka mmoja kabla ya IPT, Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani ilikuwa imeshamfungia huyo Trudeau kutangaza bidhaa kwenye matangazo yale ya televisheni, kasoro vitabu, na habari hizo zilikuwa wazi kwa kila mtu. (Baadaye sana, 2014, alihukumiwa miaka 10 jela kwa kudharau amri ya mahakama kuhusu matangazo ya kitabu chake cha kupunguza uzito, kesi ambayo haihusiani na pool kabisa, naomba ieleweke hivyo.) Nalitaja kwa sababu swali la huyu promota alifanya nini kabla ya hapa linaulizika na linajibika kabla hujakopa nauli. Mashindano yake ya mwaka jana yalikuwepo? Nani alikuwa bingwa? Mpigie huyo bingwa, muulize ulilipwa lini.

Haya, tuje kwako. Milioni mbili yako haijafa. Bango lenye kiwango cha zawadi pamoja na kiingilio ulicholipa ni makubaliano, yeye aliahidi na wewe ukatimiza upande wako, kwa hiyo hiyo hela ni deni, acha kumwomba kama unaomba msaada. Leo hiihii kusanya kila kitu: picha ya bango, meseji ya muamala wa kiingilio, ratiba ya mechi, ile picha ya hundi iliyokugombanisha na dada yako, na meseji zake zote za vumilia, hizo usifute hata moja kwa sababu kila akisema vumilia anakubali kwamba anadaiwa. Kama alikuwa anakwambia kwa simu tu, mwandikie wewe Wasap, "anko leo ni mwezi wa tano sijapata ile milioni mbili ya ubingwa, utanilipa lini?" akijibu umeshapata maandishi. Alafu andika barua ya madai, ukurasa mmoja unatosha, taja tarehe ya mashindano, kiwango, na mpe siku 14. Mpelekee mkononi asaini nakala.

Wakati siku hizo zinahesabika nenda ofisi ya huyo mdhamini, vaa vizuri, ongea kwa adabu, uliza tu kama fedha za zawadi za mashindano yale walishazitoa. Usilidharau hili. Nimeshaona mara mbili mdhamini anashangaa, alishalipa zamani na anaona aibu jina lake kutumika hivyo, na simu moja kutoka kwa meneja ilifanya kazi ambayo vijana waliihangaikia nusu mwaka. Pitia pia kwa afisa michezo wa wilaya ile mashindano yalipofanyika na uongozi wa chama cha pool wa mkoa, uulize kibali alipewa nani, na ikishindikana huko ngazi ya juu ipo Baraza la Michezo la Taifa. Siku 14 zikiisha kimya, Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya deni la makubaliano na kiasi chako kinaingia vizuri kabisa, hulazimiki kuwa na wakili. Akikuita mkae muelewane akulipe kwa mafungu, kubali, ila fungu la kwanza litoke siku mnaposaini, na mafungu yaliyobaki yaandikwe tarehe, na mashahidi wawepo wawili.

Usimtukane mtandaoni. Najua inauma, ila ukishamwita mwizi Fesibuku yeye ndo anakuwa mlalamikaji, sheria ya makosa ya mtandao ipo tangu 2015, na deni lako linasahaulika watu wanabaki kujadili tusi.

Kuhusu shemeji, nenda naye mkae, mpe hizo meseji za promota azisome mwenyewe kwa macho yake toka ya kwanza mpaka ya mwisho. Na dada yako awepo.

Assalaam aleikum. Mimi nipo Kisauni, Mombasa. Swali langu ni kuhusu sisi wachezaji wenyewe. Mbona mtu akubali kucheza kabla hajaona pesa? Mafundi hujenga nyumba na huchukua pesa ya kwanza kabla kutia jiwe. Sisi twaenda, twatoa kiingilio, twacheza, kisha twaanza kutafutana na promota. Mimi na wenzangu watatu twadai elfu 60 za Kenya tangu Ramadhani na sasa hata ofisi yake haina mtu. — Msomaji, Mombasa

Waaleikum salaam ndugu yangu. Swali lako limenifanya nikumbuke usiku mmoja ambao mpaka leo nikiuwaza roho inaniuma.

Kabla ya kalamu hii mimi nilikuwa refa wa pool, miaka kadhaa, Dar es Salaam na mikoani. Kuna mashindano, sitayataja, fainali iliisha saa 7 usiku. Promota alikuwa amenipa mimi bahasha tatu za washindi nizishike, zimefungwa kwa gundi, nene kiasi chake, nikaziweka mfuko wa ndani wa koti kuanzia robo fainali, kila nikiinama kuangalia kama mpira umegusana nasikia zinanibonyeza kifuani. Bingwa alikuwa kijana wa Mbagala, mwembamba, vidole vimejaa chaki ya bluu. Nikampa bahasha yake mbele ya watu, akaifungua palepale kwenye kona ya meza kwa ule ukucha wenye chaki. Ndani kulikuwa na karatasi nyeupe zilizokunjwa na moja imeandikwa kwa peni, njoo ofisini Jumatatu. Akaniangalia mimi. Sio promota, mimi, kwa sababu mimi ndo nilimkabidhi. Promota alikuwa ameshatoka kwa mlango wa jikoni, na Jumatatu ofisi ilikuwa na kufuli. Toka siku ile sikuwahi kushika bahasha ya mtu bila kuhesabu kilichomo, na ndo sababu hii mada siwezi kuiandika kwa ubaridi.

Kwa nini tunakubali? Kwanza ni mchezo wa watu wengi wenye vipaji na milango michache ya kupitia. Ukisema mi sichezi mpaka nione hela, promota anakwambia sawa kaka pisha mwenzio. Mmoja peke yake hawezi, ila thelathini na mbili wakisema kwa pamoja usiku wa kupanga ratiba anaweza nini? Atahairisha au ataleta hela. Pili ni ile hali kwamba mara ya kwanza alilipa. Hata kwenye kile kisa cha Reno, mashindano ya mwanzo yaliwapa watu imani, na imani hiyo ndo iliwapeleka mara ya mwisho bila kuuliza.

Na la tatu ambalo halisemwi sana ni wale wanaokaa nyuma ya mchezaji. Marekani na Ufilipino wachezaji wengi wana watu wanaowalipia nauli, hoteli na kiingilio kwa makubaliano ya kugawana ushindi. Sasa hela isipotoka mchezaji anabaki na deni kwa mtu ambaye hata siku ya mechi hakuwepo, na huyo mtu hataki kusikia habari za promota, anachojua jina lako liliandikwa bingwa. Kwetu huku huyo mtu ni shemeji wa Tabora, ni mwenye baa aliyekupa ruhusa ya siku tatu, ni mke aliyetoa hela ya kikoba. Promota anapochelewesha zawadi moja anavunja uaminifu kwenye nyumba tatu nne ambazo hazijui hata sheria za mchezo wenyewe.

Mfano wako wa fundi nimeupenda. Fundi anachukua ya kwanza kwa sababu amekataa pamoja na mafundi wenzake zamani mpaka ikawa kawaida.

Kwa elfu 60 zenu, Kenya mna bahati ya kitu ambacho wengi hawakitumii, Mahakama ya Madai Madogo, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Mtu anajiwakilisha mwenyewe. Nendeni wanne pamoja na ushahidi wenu. Ofisi kukosa mtu isiwakatishe tamaa, tafuteni jina lililosajili biashara na jina lililotokea kwenye M-Pesa mlipolipa kiingilio, hilo la M-Pesa ndo mara nyingi linampata mtu.

Kaka habari za kazi. Mimi ni mdau Mwanza, nataka kuandaa mashindano ya wachezaji 64, kiingilio elfu 20. Kuna kampuni imeniahidi milioni tatu ila ni kwa mdomo, meneja ni mtu wangu tunafahamiana. Nimepanga kutangaza zawadi za jumla milioni tano ili nivute wachezaji wa mikoa mingine, bila zawadi kubwa hawaji. Sina nia mbaya kabisa. Unanishauri nini? — Mwandaaji, Mwanza

Nzuri kaka, na asante kwa kuuliza kabla, wengi wanauliza baada.

Tupige hesabu wote. Wachezaji 64 mara elfu 20 ni milioni 1 na laki 2 na elfu 80, na hiyo ni kama wamekuja wote 64 na wote wamelipa, kitu ambacho wewe na mimi tunajua hakitokei, kuna wa kuja nusu kiingilio, kuna wa nitamalizia nikishinda. Humo bado hujatoa ukumbi, usafiri wa meza, vitambaa vipya maana huwezi kuwaita watu wa mikoa mingine wachezee kitambaa kilichochanika kona, marefa, chakula chao, mtu wa muziki, kibali. Ukimaliza hapo kiingilio kimeisha au kimebaki laki mbili. Sasa hiyo milioni tano inasimama juu ya nini? Milioni tatu ya mdomo, na milioni mbili ambayo hata kwa mdomo hakuna aliyeisema.

Huyo meneja rafiki yako anaweza kuhamishwa kesho. Anaweza kuambiwa na makao makuu bajeti ya michezo imekatwa. Atakupigia simu akupe pole ya kweli kutoka moyoni, na wewe utakuwa na wachezaji 64 ukumbini, fimbo zimeshatolewa kwenye mikoba. Hapo ndo watu wema wanageuka kuwa wale wa njoo Jumatatu. Kijana wa Mbagala niliyemtaja juu, promota wake mimi namfahamu, hakuanza kama mtu mbaya, alianza kama wewe hivi, na rafiki kwenye kampuni.

Fanya hivi. Tangaza ile tu ambayo ipo benki leo. Kama ni laki nane tangaza laki nane, na chini yake andika zawadi zitaongezeka mdhamini akithibitisha, wachezaji sio watoto wataelewa. Mkataba wa mdhamini uwe umesainiwa na hela imeingia kabla bango halijachapwa, sio kabla ya fainali. Fedha za zawadi zikae kwenye akaunti inayohitaji saini mbili, yako na ya mtu wa wachezaji au wa chama, na ule usiku wa kupanga ratiba simama mbele yao uwaonyeshe slipu ya benki. Utaona nyuso zao. Mashindano yako ya pili hutahitaji hata bango, watapigiana simu wenyewe toka Bukoba mpaka Musoma.

Na usidhani ni sisi wenye mifuko midogo tu tunaopatwa na haya. Mashindano makongwe ya US Open ya mipira 9, yaliyoanza Virginia 1976, nayo yalipitia miaka ambayo washindi walisubiri hela zao kwa muda mrefu, na hayo ni mashindano ambayo kila mchezaji duniani alitamani jina lake liwemo. Mwaka 2018 yakachukuliwa na kampuni ya Matchroom ya Uingereza, hawa ambao wana Mosconi Cup, pambano la pool la timu ya Ulaya na ya Marekani, tangu 1994, watu waliozoea kuendesha michezo kwa hela za televisheni, tiketi na wadhamini wenye mikataba. Mpira ni uleule na meza ni ileile. Kinachoangaliwa ni hela ya zawadi inatoka wapi na inafika lini, na hilo hata kwenye ukumbi wa watu mia mbili Mwanza linawezekana, halihitaji Uingereza.

Kuhusu kwamba bila zawadi kubwa hawaji, hapo nakupinga kaka. Wachezaji ninaowajua mimi, ukiwapa uchaguzi wa laki tano inayolipwa usiku uleule na milioni mbili ya maneno, wanapanda basi la laki tano. Wameumia sana hawa vijana.

Kaka mhariri mimi ni mama wa watoto wawili niko Morogoro. Mume wangu ni fundi welding na anajua pool kweli, sio sifa za nyumbani, watu wanatoka mbali kuja kucheza naye. Sasa anataka aache kazi azunguke kwenye mashindano. Mwaka jana ameshinda mara tatu, amelipwa mara moja. Nikimwambia anasema simuamini. Naomba uongee naye. — Mama wawili, Morogoro

Mama wawili, nakuelewa na namuelewa na yeye. Mtu mwenye mkono wa pool anasikia wito kama mwimbaji anavyosikia, ukimwambia acha unamuumiza mahali ambapo hata yeye hawezi kupaonyesha. Kwa hiyo sitamwambia aache pool.

Ila shemeji yangu, kama unasoma hapa, mkeo ameshaandika hesabu yote kwenye mstari mmoja, mara tatu umeshinda mara moja umelipwa. Hakuna alipoandika hujui kucheza, kaandika watu wanatoka mbali. Asiowaamini ni wale mapromota wawili ambao hawajakulipa, na ana haki. Efren Reyes mwenyewe, na kipaji chake chote na mataji yake yote, alishinda Reno akaambiwa asubiri, kwa hiyo kucheza vizuri zaidi hakutakuokoa na hili. Baki na mashine yako ya welding. Wikiendi nenda, ila kabla ya kwenda mpigie bingwa wa mwaka jana wa mashindano hayo umuulize alilipwa lini, na ukifika uliza zawadi iko wapi na nani anaishika, uliza mbele za watu, kwa sauti ya kawaida tu. Wakinuna rudi nyumbani, umepoteza nauli ya siku moja.

Na zile zawadi mbili ambazo hujalipwa mwaka jana zidai. Utaratibu ni uleule niliompa kijana wa Tabora hapo juu, na kwa sababu nyinyi mko wawili ndani ya nyumba moja mgawane kazi, wewe tafuta picha na meseji, mama aandike barua, maana kwa alivyoniandikia mimi naona kalamu yake ni nzuri kuliko ya mawakili wengi. Barua zikishapokelewa na kusainiwa nitumieni nakala hapa ofisini. Na kijana wa Tabora pia nasubiri yake.